Wiki Mbili za Kumnyamazisha Baba

Jumapili, tarehe 3

Mvua imeanza leo na paa letu la bati limegeuka ngoma. Mtu akitaka chumvi mezani ni lazima apige kelele, na Baba akipiga kelele siku hizi sauti inatoka kama mlango ambao bawaba zake hazijaonja mafuta tangu utundikwe.

Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi. Katika nyumba hii, ili usikike ni lazima umkate mtu maneno, na mimi nikishajipanga kukata, mazungumzo yameshafika mtaa wa pili.

Baba ni dalali. Kila Jumamosi ananadi vitu vilivyotumika kwenye uwanja wenye paa la bati nyuma ya soko: makabati, magodoro, majokofu, baiskeli zisizo na minyororo. Watu wanamwita Redio. Hatumii kipaza sauti. Anasema kipaza sauti ni mkongojo wa madalali vilema. Sauti yake ndiyo duka letu, na duka limeanza kupasuka ukuta. Alikataa hospitali mpaka Mama alipomwambia kwamba sasa anakoroma hata akiwa macho.

Daktari wa koo alipitisha kamera puani akaona kinyama kwenye uzi mmoja wa sauti. Si saratani, ni uvimbe wa watu wanaopayuka kwa kazi. Lakini kikiachwa kitakua na sauti itazimika. Watakitoa kwa leza.

Baba ametangaza habari hizi uani kwa majirani wote. Kwa kupayuka.

Jumatatu, tarehe 4

Mvua. Baba amemwita muuza maziwa aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Muuza maziwa amesikia. Wafu pia, nadhani.

Jumatano, tarehe 6

Shangazi amekuja. Ni dada mkubwa wa Baba, na akiwa sebuleni hata mvua husubiri amalize.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Ni hivyo vitabu?"

Baba mdogo naye alikuwapo. Yeye ndiye msaidizi wa Baba mnadani, anainua vitu juu na kumulika waliotaja bei kwa kitochi chenye mwanga mwekundu cha kwenye funguo zake. Walikaa kujadili koo la Baba kana kwamba mwenyewe hayupo.

"Leza naijua," akasema Shangazi. "Si ile ya saluni, ya kung'oa ndevu za wanawake? Rafiki yangu alifanyiwa kidevu. Sasa kaka yako wanataka kumnyoa koo?"

"Siyo hiyo, dada. Hiyo ya hospitali ni mionzi. Nywele zote zitadondoka. Mwangalieni vizuri, ndiyo mnamwona na nywele kwa mara ya mwisho."

Baba ana upara tangu sijazaliwa.

Kisha Baba mdogo akatoa kitochi chake akammulika Baba shingoni. "Kaka, fungua mdomo. Mimi nakitoa bure, na chai juu."

Wakacheka hadi vikombe vikatikisika. Mama peke yake hakucheka. Mimi nilikuwa na sentensi nzima tayari, yenye mwanzo na mwisho. Nikasema, "Kwa kweli leza ya upasuaji..."

"Eeh! Mtoto ana neno!" Shangazi akapiga makofi. "Nyamazeni, mtoto aseme."

Wote wakanigeukia. Masikio yakaniwaka moto.

"Chai imepoa," nikasema.

Ijumaa, tarehe 8

Nimekaa chumba cha kompyuta shuleni mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Haya ndiyo niliyotaka kuyasema juzi, kama kungekuwa na mtu wa kuyasikiliza.

Mwanga wa taa ya kawaida unatawanyika kama wanafunzi kengele ya kutoka inapolia. Mwanga wa leza unakwenda kama gwaride: rangi moja, njia moja, hatua moja. Kwa hiyo unaweza kuukusanya wote kwenye nukta ndogo kuliko ncha ya sindano. Na leza si kitu kimoja. Ni kama neno kisu. Kisu cha mkate si wembe wa kunyolea. Daktari wa macho anatumia mwanga unaopenya kioo cha jicho bila kukigusa, ukaenda kuziba vimishipa vinavyovuja damu nyuma yake. Daktari wa figo anaupitisha ndani ya uzi wa kioo mpaka kwenye jiwe, akalisaga likawa mchanga. Na ile ya koo ni mwanga unaonyonywa na maji, na nyama yetu karibu yote ni maji. Maji yanachemka papo hapo, nyama inakuwa mvuke, na vimishipa vya damu vinajifunga vyenyewe. Chembe za pembeni hazipati hata habari.

Nilimweleza Mama wakati wa chakula.

"Sasa ni kisu au si kisu?"

"Ni mwanga, Mama."

"Mwanga unakata?"

"Unachemsha maji yaliyomo kwenye nyama. Nyama inageuka moshi."

Mama akaweka kijiko chini. "Tunakula," akasema.

Jumanne, tarehe 12

Mama anapiga pasi kwa dobi na leo hakupata ruhusa, kwa hiyo nimempeleka Baba mimi. "Nenda wewe unayeelewa," aliniambia. Anasema hivyo kila anapotaka nifanye jambo linalonitia hofu.

Daktari wa koo ni mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira. Alitoa karatasi akachora mistari miwili iliyokutana kama herufi V. "Hizi ndizo nyuzi za sauti. Ukiongea zinagongana na kutetema. Kinyama chako kimekaa hapa, kama kokoto mlangoni. Mlango haufungi, upepo unapita, ndiyo maana unakwaruza."

"Na mtanichoma," akasema Baba.

"Nitakiyeyusha kidogo kidogo nikiangalia kwa hadubini. Leza yenyewe haionekani kwa macho, kwa hiyo tunaifungia taa ndogo nyekundu ya kunionyesha inakopiga. Kidonda kitakuwa chembamba kuliko unywele."

Nikauliza kuhusu moto. Nilikuwa nimesoma, na swali lilikuwa limenikaa kifuani tangu Ijumaa. Baba akaruka kitini. "Moto? Kooni mwangu?"

"Mtoto amefanya kazi yake," daktari akasema. "Ndiyo, hewa tunayompa mgonjwa inachochea moto, na leza ni moto. Kwa hiyo mpira wa kupumulia ni wa aina yake, na kiputo kinachoushikilia kooni tunakijaza maji yenye rangi ya buluu. Leza ikikitoboa, maji yanazima na ile rangi inatuonya. Uso wote tunaufunika vitambaa vilivyolowa. Hiyo ni kazi yangu, niachieni mimi. Yenu inaanza akishatoka."

Akaweka kalamu chini.

"Wiki mbili hataongea. Hata neno moja. Na kunong'ona pia hapana. Watu wanadhani kunong'ona ni kuongea kwa adabu, kumbe mnong'ono unazikaza nyuzi na kukisugua kidonda. Asipotulia, kitafunga kwa kovu. Kovu halitetemi. Na kovu siwezi kulitoa kwa leza, maana nikilikata linazaa kovu jingine. Tumeelewana? Akiharibu, sauti haina fundi tena."

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Na baada ya hapo, kazini ni kipaza sauti."

Hapo Baba akamtazama kama mtu aliyeambiwa aende sokoni na gauni.

"Nani atakulinda nyumbani?"

Baba akaninyooshea kidole. "Huyu. Huyu kunyamaza ndiyo kipaji chake, atanifundisha." Wakacheka wote wawili.

Mimi sikucheka. Ningependa ijulikane mahali fulani kwamba sikucheka.

Jumamosi, tarehe 16

Mnada wa mwisho kabla ya upasuaji. Baba amenadi tangu asubuhi, "kuimalizia sauti ile ya zamani," anasema. Jioni alipojaribu kuniita ulitoka upepo mtupu.

Jumatatu, tarehe 18

Mvua. Mtihani wa hesabu. Viatu havikauki.

Alhamisi, tarehe 21

Wamemfanyia leo.

Alipokuwa anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, aliwaambia wauguzi: "Kitanda hiki, mabibi na mabwana! Magurudumu manne, godoro halijawahi kuona kunguni, mgonjwa ni zawadi! Nani ananipa bei?" Muuguzi mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Mama akasema, "Nyamaza, mume wangu, utakufa unauza," kisha akageuka upande wa dirisha na hakugeuka tena mpaka mlango ulipofungwa.

Mlangoni kulikuwa na alama ya njano ya kuonya kwamba leza inatumika, na taa nyekundu juu yake. Kioo cha mlango kilikuwa kimezibwa. Kabla hawajaufunga mlango niliona watu wote wa ndani wanavaa miwani, hata yule wa kusafisha vyombo. Nilimwambia Mama kwamba ni kwa sababu mwanga ukigonga chuma unaweza kuruka ukampiga mtu jichoni. Mama akaniambia, "Mwanangu, kuna mambo ya kujua halafu kuna mambo ya kumwambia mtu aliyekaa nje ya mlango."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamshika mkono. Viganja vyake vina sugu za pasi.

Daktari alitoka akiwa amesukumia kofia nyuma, akatuonyesha picha mbili. Ya kwanza ina kile kinyama, chekundu kama punje ya komamanga. Ya pili uzi mtupu, mweupe, na kijialama cha rangi ya kahawia pembeni. Damu hakuna. "Sehemu yangu imekwenda vizuri," akasema, akinitazama mimi.

Ijumaa, tarehe 22

Baba yuko nyumbani na hajasema neno. Tumempa daftari na kalamu. Lakini kalamu anaiona inachelewa, kwa hiyo ameagiza kengele yake ya mnadani. Akitaka maji, kengele. Akitaka redio, kengele. Akitaka kujua kwa nini tumechelewa kuitika kengele, kengele.

Jumapili, tarehe 24

Kengele.

Jumatatu, tarehe 25

Mama ameificha kengele. Baba anapiga sufuria kwa kijiko. Kengele imerudishwa.

Jumatano, tarehe 27

Nimerudi kutoka shuleni nimelowa chapachapa, nikakuta sebule imetulia. Nilifurahi kama sekunde mbili hivi. Kisha nikamwona Shangazi ameinama, sikio lake liko mdomoni mwa Baba, na midomo ya Baba inakwenda.

"Mnafanya nini?"

"Hatuongei," akasema Shangazi. "Tunanong'ona."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Daktari aliwaambia. Mimi niliwaambia Alhamisi, Ijumaa na jana. Lakini watu wa ukoo huu ndivyo walivyo: ukiongea kama binadamu wa kawaida wanasema unanong'ona, kwa hiyo ukinong'ona kweli wanahesabu umenyamaza. Kwa akili yao Baba alikuwa anatii.

"Kunong'ona ndiko kubaya zaidi," nikasema.

"Kwa hali gani, na hakusikiki?"

"Shangazi, kidonda hakina masikio! Kinasuguliwa!"

Ilitoka kwa nguvu kuliko nilivyopanga. Shangazi akajivuta nyuma. "Haya bwana. Mtoto wa juzi anatutungia sheria."

Baba akaandika kwenye daftari: ALIKUWA ANAULIZA MAMBO MUHIMU.

"Mambo gani?"

Akafikiri, akaandika: BEI YA GODORO.

Nilikwenda chumbani nikachukua karatasi kubwa ya ramani, upande wa nyuma, nikaandika kwa herufi nene KUNONG'ONA NI KUONGEA, nikaibandika juu ya kiti chake. Baba mdogo alipofika jioni aliisoma kwa sauti akauliza, "Profesa, na kufikiri je, kumeruhusiwa?"

Kwake yeye ndiyo, nilitaka kusema, maana hajawahi kukujaribu. Nimeandika hapa badala yake.

Ijumaa, tarehe 29

Mvua kutwa. Kesho Baba mdogo atanadi peke yake kwa mara ya kwanza. Baba ameandika ukurasa mzima wa maelekezo kuhusu jokofu moja. Mama amemwambia, "Hutoki hapa kesho." Baba ametikisa kichwa kwa utii mkubwa. Utii mkubwa wa Baba huwa unanitia wasiwasi.

Jumamosi, tarehe 30

Nitaandika kwa mpangilio.

Mama alikuwa kazini. Mimi nilikuwa jikoni naandaa cha mchana. Nilipotoka kumuuliza Baba kama anataka uji, kiti kilikuwa kitupu na karatasi yangu inapepea juu yake. Viatu vyake vya mvua havikuwapo. Nikatupa kisu, nikakimbia.

Uwanja ulikuwa umejaa. Baba alikuwa amesimama nyuma karibu na nguzo, mikono mfukoni, kama mtu aliyepita tu. Nikamshika koti la mvua nikamwashiria twende. Akaniashiria: dakika moja. Nikakaa hapohapo ubavuni mwake.

Baba mdogo alikuwa juu ya kreti la soda ananadi lile jokofu. Lazima nieleze desturi ya pale. Kengele ni ya kuwaita watu tu. Dalali anarudia bei mara tatu, na kitu hakijauzwa mpaka aseme "Imekwenda!" Akishasema, hata kama ni mama yake mzazi aliyekosa, imekwenda. Watu wa mnada hawaamini karatasi wala kidole, wanaamini sauti hiyo peke yake.

Mvua ikaongezeka. Bati la uwanja ule ni kubwa mara kumi ya letu. Baba mdogo akawa anafumbua mdomo, na kilichotufikia ni vipande tu. Nilimwona anasema kitu, anamulika kitochi chake chekundu, halafu mkono unashuka. Imekwenda. Lakini kwa nani? Ile nukta nyekundu ilikuwa imetua kwenye mlango wa jokofu, katikati ya watu wawili, muuza nyama na mama wa barafu.

Wote wawili wakaushika mlango.

"Langu!"

"Lako lini? Mimi ndiye niliyemulikwa!"

"Umemulikwa wewe au limemulikwa jokofu?"

Baba mdogo akapiga kelele, hakusikika. Akapiga tena, akakohoa. Muuza nyama akamsukuma mama wa barafu kwa bega, na mwanawe mama huyo akavua koti. Watu wakaanza kusogea mbele. Ndipo mtu mmoja akageuka akamwona Baba.

"Redio yupo! Redio aamue!"

"Redio! Sema wewe, ulikuwa unaona!"

Uwanja mzima ukageuka. Nikautazama uso wa Baba na nikajua. Ninaijua ile pumzi tangu nikiwa mdogo nimebebwa mabegani mwake. Kwanza kidevu kinapanda. Kisha kifua kinajaa, mishipa ya shingo inasimama, na mkono wa kulia unainuka. Alikwishapanda juu ya benchi. Wala hakuwa ameamua kuvunja agizo. Watu walikuwa wanakaribia kupigana juu ya jokofu, na kwa Baba hilo lina dawa moja.

Nikapanda benchi nikamziba mdomo kwa kiganja.

Nilimziba baba yangu mdomo. Mbele ya wateja wake, mbele ya mdogo wake, mbele ya watu waliomwamkia kabla sijazaliwa. Ndani ya kiganja nikasikia kitu kimetetema, kidogo sana, kama nyuki aliyefungiwa ngumini. Kisha kikaacha.

Kelele zilikatika. Mvua peke yake ndiyo iliyoendelea.

"Huyu ni binti yake?" mzee mmoja akauliza.

"Binti anamziba baba yake mdomo?"

"Hiyo ni laana hiyo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na jokofu juu yangu. Macho yote yale. Nikasema, "Amepasuliwa koo. Akiongea leo hataongea tena." Nadhani walionisikia ni wa safu ya mbele tu. Lakini mama wa barafu aligeuka akamwambia aliye nyuma yake, naye akamwambia wa nyuma yake, na niliyaona maneno yangu yanakwenda nyuma hivyo, mdomo kwa mdomo, mpaka nguzo ya mwisho. Muuza nyama akaliachia jokofu.

Baba aliutoa mkono wangu usoni kwake. Polepole, kidole kwa kidole. Akashuka, akatoka, akatembea mpaka nyumbani bila kufunika kichwa. Nilimfuata nyuma. Hakugeuka hata mara moja.

Jumapili, tarehe 1

Hanitazami. Ameandika kwa Mama: NATAKA MAJI. Ameandika kwa jirani: MVUA HII. Kwangu, ukurasa mweupe. Kengele ikilia nikaenda mimi, anangoja mpaka aje mwingine.

Mama amesema, "Ulifanya sawa." Akakunja nguo nyingine. "Lakini mbele za watu, mwanangu." Akakunja nyingine. "Lakini ulifanya sawa."

Sasa ni sawa au si sawa? Ningemuuliza, lakini najua jibu lingekuwa nguo nyingine.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Ule mtetemo. Kama nilichelewa hata kidogo, basi nimemwaibisha baba yangu na sauti imekwenda vilevile.

Jumatatu, tarehe 2

Shangazi amekuja. Nilijua nitasemwa. Akavua viatu, akatazama karatasi yangu ukutani, akamtazama Baba. "Nimesikia ulichotaka kufanya mnadani," akamwambia. "Una bahati alikuwa mtoto. Mimi ningekuziba kwa sufuria." Akavuta kiti akakaa mbele yake. Jirani alipokuja kuuliza hali na Baba akafumbua mdomo, Shangazi akampiga kofi gotini. "Mdomo huo!"

Sijui nimfikirie vipi sasa. Nilishamweka mahali pake kichwani mwangu, na ameondoka pale.

Jumanne, tarehe 3

Baba mdogo amekuja jioni, sauti imemkauka kabisa. Jumamosi moja tu. Baada ya sisi kuondoka alilinadi jokofu upya tangu mwanzo, akimwendea kila mtu sikioni.

"Profesa," akaniambia barazani, "miaka yote hii nilidhani kazi ya kaka ni kelele. Nilikuwa namsubiri achoke nishike mimi." Akakohoa. "Kumbe ile siyo kelele. Sijui hata ni nini."

"Kunywa maji ya uvuguvugu," nikamwambia. "Na usinong'one."

Kwa mara ya kwanza hakunitania.

Jumatano, tarehe 4

Mvua. Ukurasa bado mweupe.

Ijumaa, tarehe 6

Leo ilikuwa siku ya kukaguliwa. Mama alikosa ruhusa tena, tukaenda wawili. Njia nzima alitangulia hatua chache mbele yangu.

"Amenyamaza?" daktari akaniuliza.

Baba akatazama ukuta. Nikasema ukweli: mnong'ono na Shangazi, jokofu, benchi, mkono wangu, ule mtetemo. Niliongea mpaka mwisho bila mtu kunikata, na ilikuwa inatisha.

Daktari akavuta kiti karibu. Akapitisha kamera puani, na kwenye kioo zikatokea zile nyuzi mbili nyeupe, kama mapazia ya dirisha dogo. Kwenye mmoja kulikuwa na mstari wa waridi. Akasogeza kamera. Akasogeza tena.

"Sema aaa. Taratibu."

Mapazia yakakutana. Yakatetema yote mawili, kwa pamoja, lile lenye kidonda sawasawa na mwenzake. Na chumbani ikatokea sauti. Ilikuwa ndogo, safi, bila mkwaruzo.

"Hakuna kovu," akasema daktari.

Nilikaa. Bahati nzuri kiti kilikuwepo.

"Wiki hii dakika tano kwa siku, kwa sauti ya hivyohivyo. Za leo unaweza kuzianza sasa, nikusikie. Sema chochote."

Baba akajikalisha vizuri kitini. Kisha akanitazama, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Daktari," akasema, "huyu alinipanda kichwani mbele ya wateja wangu."

Sikuijua ile sauti. Ilikuwa kama ya mtu aliyekaa karibu yako.

"Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Likagonga kiganja chake, likarudi. Nilikasirika. Siku sita hizi nimekasirika kila siku, nikamaliza leo asubuhi tulipokuwa tunavuka barabara." Akameza mate. "Lakini na mkono wenyewe! Ulikuwa unanuka vitunguu, daktari. Vitunguu vibichi. Machozi yananitoka, watu wanadhani Redio analia. Nashindwa kusema, nashindwa kupumua..."

Daktari alikuwa ameshika tumbo. Baba akaeleza vitunguu vile ni vya aina gani. Akaeleza sura ya muuza nyama. Akarudi kwenye vitunguu. Mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani na kumwambia, "Baba, dakika. Baba, dakika zako," naye ananiashiria: moja tu.

"Zimekwisha," akasema daktari. "Yaliyobaki kesho."

Nyumbani walikuwa wamekaa wote sebuleni: Mama amepata ruhusa ya jioni, Shangazi amevaa nguo nzuri, Baba mdogo na shingo yake imefungwa skafu. Tulipoingia wakasimama.

"Haya," akasema Mama. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Tusikie."

Baba akaonyesha koo lake, akaonyesha vidole vitano, akafungua viganja vitupu.

"Amemaliza za leo," nikasema. "Alizitumia hospitali."

"Zote? Alisema nini?"

Ilibidi niseme. Nikasema kuhusu vitunguu.

Mama akamgeukia Baba. "Wiki mbili nimengoja," akasema. "Wiki mbili naongea na kengele. Sauti inarudi, na anaimalizia kwa vitunguu!" Akaingia jikoni, na vyombo vikaanza kulia. Shangazi akasema yeye alijua tangu zamani kwamba mdogo wake hana akili. Baba mdogo akanong'ona kitu, nami nikamwonyesha karatasi ya ukutani.

Baba akavuta daftari. Nilidhani anamwandikia Mama. Akanigeuzia mimi: KESHO NAANZA NA MAMA YAKO. NIAMSHE MAPEMA.

Jumamosi, tarehe 7

Nimemwamsha. Haikunyesha. Akaenda jikoni alikokuwa Mama, akarudisha mlango.

Zamani Baba akimwambia Mama jambo, jirani wa tatu alikuwa analitolea maoni. Leo nilikuwa nje ya mlango huohuo, na bati halina kelele yoyote. Nilisikia kwamba anaongea. Sikupata hata neno moja. Nilichosikia ni Mama, mara moja, anasema, "Hilo mbona hukuniambia siku zote hizo?"

Dakika tano zilipita. Nilipaswa kubisha. Nimeandika hapa ilikuwa saa ngapi zilipokwisha, halafu nimefuta, na nimekwenda kuanika viatu.